Nimenunua RTX 5060 ya 8GB, niiweke ama niirudishe?

bamburi_fps:

Salaam wadau. Naomba ushauri wa haraka mana duka limenipa wiki moja tu ya kubadilisha na siku zenyewe zaenda mbio.

Iko hivi. Nlikua na kadi ya picha (GPU) ya zamani, GTX 1050 Ti ya 4GB, ilinivumilia miaka na miaka lakini gemu za sahi haziwezi tena. Nkachanga pesa za vibarua nkaagiza RTX 5060 ya 8GB kwa duka moja la Nairobi, elfu 52, ikatumwa kwa basi nkaenda kuichukua Mwembe Tayari. Boksi lilikuja na sili yake, kadi mpya, programu ya GPU-Z yaitambua vizuri, upande huo sina neno.

Neno liko kwengine. Kwanza inalia. Sio feni, feni naijua mlio wake. Hiki ni kijisauti chembamba cha umeme, ziiiii, na hutokea zaidi nikiwa kwenye menyu ya gemu, nikianza kucheza chapungua, nikigeuza kamera naskia chabadilika. Mchana huskii kitu lakini usiku nyumba ikishatulia, mamangu kaniuliza kama nimefuga nyenje chumbani.

Pili, na hii ndo yaninyima raha, binamu yangu wa Mtwapa kaniambia nimepigwa, ati 8GB ni kadi ya juzi, nirudishe niongeze elfu 20 nichukue RX 9060 XT ya 16GB. Nkaingia YouTube kutafuta ukweli ndo nkachanganyikiwa zaidi, huyu asema 8GB usiiguse hata kwa fimbo, yule asema kwa 1080p yatosha na chenji wabaki nayo.

Duka lasema kubadilisha sawa lakini watakata asilimia 10 mana boksi limefunguliwa na kadi ishaingia kwa mashine, na kuituma tena Nairobi ni juu yangu.

Mashine yangu ni prosesa Ryzen 5 3600, bodi B450, RAM 16GB, SSD, pawa sapulai ya 500W ilokuja na kesi, monita ya 1080p 75Hz. Nacheza FC 25 karibu kila usiku, GTA V ya mtandaoni, Forza Horizon 5, na nataka kuanza Cyberpunk. 4K sina haja nayo. FC iko poa, lakini GTA yakwama kwama nikiendesha kwa kasi katikati ya mji, fremu (picha kwa sekunde) zaanguka halafu zarudi, na hilo ndo limenifanya niseme labda binamu ana haki.

Elfu 20 nitaipata nikijibana. Niiweke ama niirudishe?

nyali_ultra:

Rudisha kaka, na urudishe leo.

Kuna kitu watu hawakiangalii kwa hiyo 5060. Yatumia njia 8 za PCIe (njia za data kati ya kadi na bodi) badala ya 16. Kwa bodi mpya hilo halina shida mana PCIe 5.0 hata 4.0 ina kasi ya kutosha, lakini B450 yako ni PCIe 3.0, kwa hivo hapo wapata kama GB 8 kwa sekunde basi. VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe, ndo hiyo 8GB) ikiwa bado ina nafasi, tofauti utaiona ndogo tu. Siku ikijaa, kadi yaanza kukopa kwenye RAM ya mashine na kila kitu chalazimika kupita kwa hizo njia 8, hapo ndo unaona fremu 70 zimekua 20 halafu 70 tena. RX 9060 XT ina njia 16 kamili, na hiyo ya 16GB kwa 1080p haitajaa sasa hivi wala mwakani.

Na gemu zenyewe haziendi nyuma. Indiana Jones ya 2024 ukiwa na 8GB lazima ushushe tekscha (ubora wa picha za juu ya vitu) la sivo yakulia. Wewe hukununua kadi ya miezi sita, kadi huku kwetu mtu akinunua akaa nayo mpaka ife.

Kinachoniudhi ni bei. Zilipotoka 2025 huko Marekani 5060 ilitangazwa dola 299 na 9060 XT ya 16GB dola 349. Tofauti dola 50. Ikifika huku yawa elfu 20, sijui hizo nyengine zamezwa na nani njiani. Lakini ndo hivo, hatuna pengine pa kununua.

Ukibadilisha soma boksi kwa makini, 9060 XT ziko mbili, ya 8GB na ya 16GB, jina ni lile lile. Usije ukaongeza pesa ukaletewa 8GB nyengine.

likoni_feri:

Samahani natoka nje ya mada kidogo, hiyo 1050 Ti waiuza? Nijie inbox, mie sina makuu, nataka kucheza FIFA ya zamani tu.

fundi_makadara:

Mdogo wangu kabla hujabeba kadi kurudi Mwembe Tayari kaa chini tuongee, mana hapa kuna mambo matatu umeyachanganya na moja tu ndo la 8GB.

Huo mlio. Ndani ya kadi kuna koili za kupitisha umeme, umeme ukipita kwa kasi zatetemeka na mtetemo huo ndo waskia. Menyu ya gemu haina kazi yoyote, kwa hivo kadi yaachiwa itoe fremu mia tano, mia sita kwa sekunde, ndo mana yalia zaidi hapo kuliko mchezoni. Sio ubovu, maduka mengi na hata watengenezaji wengi hawahesabu mlio huo kuwa ubovu, na ukibadilishiwa waweza kupewa nyengine yalia zaidi. Dawa yake ni bure: ingia kwa setingi za NVIDIA, weka kikomo cha fremu 75, monita yako haionyeshi zaidi ya hapo hata ukitaka. Mlio utashuka sana, joto pia litashuka, na stima ya token itakaa kidogo.

La pili ni kukwama kwa GTA. Hiyo gemu kwa PC ilitoka 2015. 2015! Kwa 1080p haiwezi kuijaza 8GB ukiicheza kawaida, kwa hivo usiisingizie VRAM bila ushahidi. Na ushahidi waupata mwenyewe: acha gemu ikiwa yakwama, bonyeza Ctrl Shift Esc, Task Manager ikifunguka nenda kwenye GPU. Kuna mistari miwili pale chini, kumbukumbu ya kadi yenyewe na kumbukumbu inayokopwa. Ya kadi ikiwa imesimama 7.6 ama 7.8 na ile ya kukopa yazidi kupanda kila dakika, basi nyali_ultra ana haki na mimi nanyamaza. Lakini ikiwa kadi imetumia 4 ama 5 na bado gemu yakwama, tafuta mwizi mwengine. Usiangalie namba ya Afterburner (programu ya kupima kadi) peke yake, ile yaonyesha gemu imejiwekea akiba kiasi gani, sio imetumia kiasi gani.

Mwizi ninayemshuku mimi ni RAM. Umeandika 16GB, ni kijiti kimoja ama viwili? Mashine nyingi zinazokuja mezani kwangu zina kijiti kimoja na mwenyewe hana habari. Ryzen yako ikipewa kijiti kimoja yapata nusu ya kasi ya kumbukumbu, na kwa gemu za mji mkubwa kama GTA ambapo prosesa ndo ina kazi, hapo ndo huonekana. Pakua CPU-Z, fungua pale Memory, tuambie imeandika Single ama Dual na frikwensi ngapi. Ikikuandikia 1066 usishtuke, zidisha kwa mbili.

La tatu hukuuliza lakini ndo lanitia hofu kuliko yote. Hiyo sapulai ilokuja na kesi. Hiyo 500W ya kwenye karatasi usiiamini. Zima mashine, ng'oa waya ukutani, fungua ubavu, soma stika ya sapulai. Kuna safu imeandikwa +12V na chini yake ampea. Chukua hizo ampea zidisha kwa 12, hizo ndo wati zako za kweli, mana kadi na prosesa zote zala kwa 12V. 5060 yala wati 145, 3600 ikikazwa yafika 88, ongeza feni na takataka nyengine. NVIDIA wenyewe wasema uwe na 550W, na wao wanazungumzia sapulai ya maana. Hii hukuisikia kwa 1050 Ti mana ile ni wati 75 tu, nyingi hata hazina tundu la waya wa pawa, zala kwa bodi moja kwa moja. Na uniambie 5060 umeiunga na waya gani.

kibokoni_lan:

Fundi kamaliza. Mie naongeza la hali ya hewa tu mana hizo video zote wanapima kwa vyumba vya baridi. Huku mwezi wa 2 na wa 3 chumba bila AC chafika 32 saa za usiku, kadi ikisoma 75 hata 78 usitie wasiwasi, ikikaa 80 na kitu ndo ufungue kesi uangalie. Usiweke mashine dirishani upande wa bahari, ule upepo wa chumvi wala pini za kadi na za RAM polepole, nishaziona zimepiga kijani kabisa. Na stima ikipotea chomoa ukutani, inayouwa ni ile ya kurudi.

Kama una UPS angalia pia, nyingi za 650VA zabeba wati 360 na kitu hivi, na kadi mpya si ile ya zamani.

tudor_na_chai:

Kaka bamburi, upande wa duka nikwambie wanavosema wengi na ilivo kisheria ni vitu viwili.

Kitu kikiwa kibovu, au si kile ulichoambiwa, hapo una haki na bango la "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" halikuzuii. Katiba kifungu cha 46 chasema mtumiaji ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa na kulipwa fidia akipata hasara kwa kasoro, kuna na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na hata ile ya zamani ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, yataka kitu kiwe na ubora wa kuuzika. Duka likikaza shingo kuna Mamlaka ya Ushindani, wanapokea malalamiko ya wateja. Hapo hata hiyo asilimia 10 wasikukate.

Lakini wewe kadi yako si mbovu. Wewe umebadilisha mawazo, ama binamu kakubadilishia. Kwa hilo wategemea masharti ya duka, na kusema kweli duka la huku kukubali kubadilisha kadi ilofunguliwa kwa kukata asilimia 10 tu ni watu wazuri, mengine hata simu hawashiki tena.

Sasa piga hesabu kabla hujapanda na moyo. Asilimia 10 ya 52,000 ni 5,200. Nauli ya kutuma na kurudishiwa tuseme elfu moja na kitu. Juu yake elfu 20. Kwa hivo 16GB hazikugharimu elfu 20, zakugharimu elfu 26 na zaidi, nusu ya bei ya kadi yenyewe. Mie hapo ndo ningesimama.

Ukiamua kurudisha basi mambo yote yawe kwa maandishi, WhatsApp yatosha, usikubali ya simu. Wataje kiasi watakachokata na kama ni pesa ama mkopo wa dukani. Piga picha serial number ya kadi iliyo nyuma na ile ya boksi, piga video ukiifunga. Kadi ikifika na kona imebonyea utaambiwa ni wewe.

bamburi_fps:

Asanteni sana, mmeniamsha. Nimefanya kila kitu fundi alichosema, naleta majibu.

Kikomo cha fremu 75 nimeweka, mlio umebaki lakini lazima utege sikio karibu na kesi. Mama hajauliza tena.

CPU-Z imeandika Single, frikwensi 1066. Kumbe ni kijiti kimoja cha 16GB na kimeandikwa 3200 ubavuni lakini chafanya kazi kwa 2133. Nimeingia BIOS nikawasha XMP (setingi ya kuifanya RAM iende kasi yake iloandikwa), ikakubali, na GTA ikabadilika hapo hapo, haijakua maji kabisa lakini kile kukwama kibaya cha kwenye makutano kimepungua sana. Task Manager yaonyesha kadi yatumia 4.9 mpaka 5.3 na ile ya kukopa haisogei. Forza nikiweka kila kitu juu yafika 7 na kidogo na ndo gemu nzito niliyo nayo.

Sasa sapulai. Stika yasema +12V 18A. Nimerudia hesabu nikidhani nimekosea, ni wati 216. Na waya wa pini 8 haina, ina wa pini 6 tu, duka walinitia kiunganishi ndani ya boksi cha kutoka 6 kwenda 8 ndo nimetumia. Juzi nikijaribu FurMark (programu ya kuikaza kadi mpaka mwisho) mashine ilizima ghafla nikasema ni stima, lakini taa ya chumba ilikua yawaka.

nyali_ultra:

Sawa kwa GTA nakubali, ushahidi uko hapo. Lakini Forza yafika 7 na hujaanza Cyberpunk. Ukiwasha ray tracing (mwanga na vivuli kama vya kweli) na zile fremu za kutengenezwa za DLSS ya NVIDIA, hizo fremu zenyewe zataka VRAM yake, utaikuta 8 kabla hujafika mjini. Mie msimamo wangu haujabadilika, 16GB ndo kadi ya kununua kwa B450. Ila sapulai ya 216W hapana, hiyo hata 9060 XT haitaibeba, ile ni wati 160.

fundi_makadara:

Ndo nlikua naingoja hiyo 18A. 145 na 88 ni 233 kabla hujahesabu feni hata moja, na sapulai yako mwisho wake ni 216. Ilizima yenyewe kujiokoa na ushukuru ilijua kuzima, ziko ambazo hazijui. Hicho kiunganishi kitoe leo. Waya wa pini 6 umepimwa kwa wati 75, wa pini 8 kwa 150, kadi ikiona pini 8 yaamini ina haki ya kuvuta 150 na waya wako ni mwembamba. Weka tena 1050 Ti kwa mashine kwa muda, ucheze FC yako, 5060 ikae kwenye boksi.

Na hapo pia ndo jibu la swali lako. Ukichukua 16GB utakua umemaliza elfu 26 na bado una sapulai ile ile, kadi mpya nyengine juu ya moto ule ule. Ukiiweka 5060, elfu 20 hiyo hiyo yakununulia sapulai ya 550W ama 650W yenye jina na cheti cha 80 Plus Bronze (cha kutopoteza umeme mwingi), hapa mjini ukitembea vizuri elfu 8 ama 9, na kijiti cha pili cha RAM cha 3200, bei za RAM zimepanda siku hizi lakini kijiti kimoja bado chapatikana. Chengine kitabaki na siku ukitaka mwendo zaidi Ryzen 5 5600 yaingia kwenye bodi hiyo hiyo ukisasisha BIOS kwanza. Cyberpunk kwa 1080p bila ray tracing itacheza vizuri tu, na ukitaka ray tracing shusha tekscha daraja moja, kwa monita yako ya 1080p sidhani utaona.

Nyali_ultra hajakosea, mtu angekua ananunua leo kutoka mwanzo na sapulai nzuri anayo ningemwambia achukue 16GB. Wewe ushanunua.

bamburi_fps:

Basi naiweka. Nishaitoa kwa mashine, 1050 Ti imerudi kazini (likoni_feri samahani, subiri kidogo). Jumamosi naingia mjini kutafuta sapulai. Kuna moja nimeiona ya 650W Bronze yauzwa bila nyaya za ziada, jamaa asema nitumie nyaya za sapulai nyengine yoyote zitaingia tu mana tundu ni sawa. Ni kweli?

fundi_makadara:

Hapana hapana hapana. Upande wa kadi na bodi nyaya zote ni sawa, lakini ule upande unaoingia kwa sapulai yenyewe kila kampuni yapanga pini zake ivyo itakavyo, waya waweza kuingia vizuri kabisa na kupeleka 12V mahali pa kupeleka 5V, SSD yako ikaondoka kwa sekunde moja. Nunua ilo na nyaya zake zote ndani ya boksi, na kabla hujalipa mwambie aifungue uhesabu, yako yataka pini 24 ya bodi, 8 ya prosesa na 8 ya kadi iloandikwa PCIe. Ukikosa nijie Makadara Jumamosi kabla ya adhuhuri.